Tairi za Meno za Baba wa Bibi Harusi

Kaeni vizuri, jamani, na vilemba vya mbele viinamishwe kidogo ili wa nyuma nao waone. Hao wa nyuma wamechelewa kukaa kwa sababu walikuwa wanakosha vikombe vya chai ambayo wa mbele mmeshakunywa. Basi sikilizeni wote. Mfano wa leo hauna mambo makubwa. Una pikapu, una tope, na una mwanamume mmoja mwenye maringo.

Alikuwako baba mmoja huku huku juu, kwenye nchi yetu ya viazi, ambako mwezi wa sita sakitu, ile barafu ya alfajiri, inalala juu ya majani hadi ng'ombe anakanyaga kwa kusitasita. Jina lake tuliache, wajukuu zake tunasali nao. Baba huyu alikuwa na maringo, ila yalikuwa yale maringo yanayopendeza kuyatazama. Koti lake lilipigwa pasi hadi mkunjo ungekata kitunguu. Akiendesha pikapu yake alikaa wima kama anayepigwa picha, kiwiko dirishani, na ukimsalimia alipunguza mwendo kwanza ndipo aitikie, maana kwake salamu ya kupita mbio haikuwa salamu. Watu walimsengenya, na nani hasengenywi? Lakini mama akishikwa na uchungu, au msiba ukiangukia nyumba isiyo na mtu, mlango uliogongwa ni wake, na hakuna aliyewahi kuambiwa ngoja ninywe chai.

Binti yake akaposwa ng'ambo ya mlima. Siku ya posa wakwe walikuja wengi, na katika hao kulikuwa na baba mdogo wa kijana aliyeposa, mtu mwembamba ambaye nyama zote zilikuwa zimehamia kwenye ulimi. Huyu akatoka nje kunyoosha miguu, akaiona pikapu uani, akaizunguka. Akafika mbele, akainama, akapapasa tairi kwa kiganja. Ilikuwa imelika hadi ikawa laini kama kichwa cha mtoto aliyetoka kunyolewa.

“Mkwe,” akaita, na sauti akaitoa ya kufika hadi jikoni, “gari lako limekutangulia kuzeeka. Wewe nywele unazo, lenyewe limeota kipara.”

Wageni wakacheka. Jikoni nako wakacheka, na wa jikoni walikuwa watu wake mwenyewe. Baba naye akacheka, kile kicheko cha mtu aliyekanyaga mwiba mbele ya wageni. Lakini tangu siku ile kila akiisogelea pikapu aliona kiganja cha yule mtu kinapapasa.

Sasa harusi ikapangwa wiki inayofuata Pasaka. Mnajua wenyewe, Kwaresma hatufungishi ndoa, na Pasaka ikishapita masika yamekolea. Njia ya kwenda ng'ambo wakati huo ni tope tu, lililokubali kulala kwa mstari. Na mchungaji wa kule alikuwa na mitaa mingi ya kuhudumia. Akawaambia waziwazi: “Nitaendesha ibada, nitawangoja hadi saa sita, kisha napanda pikipiki kwenda kuzika kwenye mtaa mwingine.” Bibi harusi asipofika saa hiyo, ndoa ingoje mchungaji arudi, na kwa mvua za mwaka ule hakuna aliyejua atarudi lini. Ng'ombe amechinjwa, viazi vimemenywa, binti karudishwa nyumbani na shela lake. Mama yupi hapa anataka kuyaona hayo?

Baba akateremka mjini kutafuta tairi. Muuza tairi alikuwa mtu mcheshi, anapenda kusifia mali.

“Chukua hizi mzee, mistari myembamba, zinakwenda kimya, hutasikia hata mlio.”

“Zinakwenda kimya kwenye lami,” baba akasema. “Kwetu lami tunaiona kwenye kalenda.” Akatia kidole gumba katikati ya ile mistari. “Tope letu ni la mfinyanzi. Likiingia humu halitoki, na tairi inakuwa andazi. Nataka meno makubwa yaliyoachana, ili tairi ikizunguka iteme tope yenyewe.” Akagonga ubavu wa tairi kwa vidole. “Na ubavu uwe mgumu. Yako mawe kule juu kama mashoka.”

Muuza tairi akaacha kusifia. Akaingia stoo, akatoka anasukuma jozi moja, nyeusi tii, meno kama ya mamba aliyepiga miayo. Nyingine za namna hiyo hazikuwepo mji mzima.

Mnamwona? Kuchagua alijua. Hakudanganywa na bei wala na maneno.

“Nakufungia nyuma,” muuza tairi akasema, tayari ameshika spana.

“Mbele.”

“Mbele?”

“Husikii?”

“Nasikia, mzee. Mimi nafunga anapotaka mwenye mali. Ukisema nizifunge juu ya paa, nitakuuliza tu kama na upepo nijaze.”

Basi zikafungwa mbele, na nyuma vikabaki vipara viwili vya zamani. Msidhani hakujua. Pikapu ile ilikuwa inasukumwa na tairi za nyuma peke yake, za mbele kazi yake ni kugeuka. Alilijua hilo binti hajazaliwa. Lakini gari likiingia kwenye ua wa watu, kinachotangulia kuonekana ni nini? Si uso? Aliutaka ule uso uingie una meno. Alitaka yule baba mdogo ainame tena, apapase tena, akwaruzike.

Siku ikafika. Pikapu ikaoshwa, na tairi za mbele zikapakwa mafuta ya kupikia ziwake. Hilo la mafuta watu walilisema, na safari hii hawakuongeza chumvi. Bibi harusi akakaa mbele na baba yake, shela limekunjwa mapajani. Nyuma, chini ya turubai, wakapanda mashangazi na mama wadogo, pamoja na sanduku, na masufuria, na ubao wa kusukumia chapati, na khanga mpya za kumtandikia bibi harusi apite juu yake akishuka. Shangazi mkubwa, dada yake baba, mwanamke aliyeshiba pande zote alizopewa na Mungu, akajiweka mwisho kabisa apate hewa.

“Dada, sogea huku karibu na kioo,” baba akasema. “Ukikaa mwisho, gari linakaa chini nyuma, linainua pua.”

“Pua ya gari ina nini, mdogo wangu? Linavuta ugoro?”

“Linapendeza likikaa sawa.”

Shangazi akasogea. Ila alisogea akisema, kwa wote kusikia, kwamba amezaa, amelima, amezika mume, na hajapata kuambiwa kuwa makalio yake yanaharibu sura ya chombo.

Wakaenda vizuri hadi chini ya mpando wa mwisho. Ukiwa pale unaliona paa la kanisa kule juu, bati jekundu, na moshi wa karamu pembeni. Hapo ndipo mbingu ikafunguka. Ikashuka mvua ya mawe, ikapiga pikapu hadi baba na binti hawakusikiana, na kufumba na kufumbua njia yote ikawa nyeupe kama mtu amemwaga mchele. Halafu ikakatika, kimya. Chini ya weupe ule tope limetulia linangoja mgeni wake.

Baba akakamata usukani. Tairi za mbele zikauma, kweli ziliuma, kila alikozielekeza ziligeuka bila ubishi. Gari likapanda, likapanda kidogo tena. Kisha nyuma kukaanza kulia. Vipara vinazunguka, vinalia, vinazunguka, na gari limesimama palepale. Likaanza kurudi nyuma kwa ubavu, taratibu, kuelekea mtaroni, na binti akashika mlango.

Likasimama kwa rehema za Mungu na jiwe moja. Wanawake wakashuka, wakavua viatu, wakasukuma. Baba akakanyaga mafuta. Vipara vikarusha tope nyuma, na waliokuwa nyuma ni akina nani? Wakasukuma tena. Baba akatazama kwenye kioo cha pembeni awaone, kioo kilikuwa kimezibwa na tope. Akatazama mbele. Mbele kulikuwa kuzuri.

Alipoona haliendi, akashuka. Akapita tairi zake mpya, safi bado, zinang'aa kwa mafuta. Akafika nyuma, akasimama. Watu aliowapandisha na vilemba hakuwatambua mmoja mmoja. Dada yake alikuwa amebaki macho tu.

“Vipi?” baba akauliza.

“Vipi nini? Hebu niambie, mdogo wangu. Zile tairi zako mpya huko mbele zinafanya kazi gani?”

“Zinaelekeza.”

“Kanisa tumeshaliona lilipo. Lile pale, bati jekundu. Kwa kuelekezwa hatuna shida, shida yetu ni kufika.”

Wanawake wakaguna, na katika mguno ule mlikuwa na kicheko kilichojificha. Shangazi akapangusa mdomo. “Zihamishe. Zije huku nyuma kwenye kazi.”

Baba akainua uso. Akatazama juu ya mlima. Alikuwa anamwona yule mtu mwembamba amesimama kwenye lango la kanisa, kiganja tayari, na ukoo mzima nyuma yake unangoja kucheka. Akamwona hadi meno.

“Yule mtu atapapasa,” akasema polepole.

Kengele ya kanisa ikalia kule juu. Ibada imekwisha. Binti akashusha kioo.

“Baba,” akasema, “mchungaji akishapanda pikipiki yake, hata tairi za dhahabu zitanirudisha nyumbani.”

Baba akawatazama wale wanawake. Mdogo wa mkewe alikuwa ametoka kuugua, yupo peku kwenye barafu ya ile mvua, kucha zimekuwa za buluu. Mwingine ameacha duka limefungwa. Hakuna aliyesema turudi. Tairi alizichagua kwa kidole gumba, akazigonga ubavu, akazinusa. Hawa hakuwa amewatazama tangu wapande.

Akavua koti. Akalikunja, akampa binti dirishani. “Lishike,” akasema. “Sitalihitaji.”

Wakairudisha pikapu chini hadi penye tambarare, wakaweka mawe tairi zisitembee. Jeki ikazama kwenye tope kama kijiko kwenye uji. “Leteni ubao wa chapati,” shangazi akasema, na ubao mpya wa binti ukawekwa chini ya jeki. Ile alama ya mviringo haijatoka hadi leo. Wanaokula kwenye nyumba ile wanasema kila chapati ina muhuri. Baba akapiga magoti ndani ya tope na suruali yake ya mkunjo. Wanawake wakaviringisha tairi, hizi huku, zile kule, mmoja anashika spana, mwingine anashika nati za tairi mdomoni zisipotee. Meno yakaenda nyuma. Kipara kikaenda mbele, usoni, mahali pa kuonekana na kila mtu.

“Sasa pandeni,” baba akasema. “Dada, wewe kaa mwisho kabisa.”

“Na pua je?”

“Iinuke.”

Basi likapanda hivyo, pua juu, uzito wote umekaa juu ya meno, na meno yanauma na kutema, yanauma na kutema. Mbele vipara vikayumba kidogo, baba akavibembeleza kwa usukani, na hapakutakiwa zaidi ya hapo. Huko nyuma wanawake wakaanza wimbo. Walioko kanisani waliusikia kabla hawajaliona gari.

Walipoingia uani, mchungaji alikuwa ameshapandisha mguu mmoja juu ya pikipiki. Akaushusha.

Na yule mtu mwembamba hakukosa. Akaja moja kwa moja mbele ya pikapu, akainama, akapapasa. Watu wakasogea kumsikiliza.

“Mkwe,” akasema, “kipara bado kipo.”

“Kipo,” baba akajibu. Akateremka wima vilevile kama siku zote, ingawa shati lilikuwa kama ukuta wa nyumba ya udongo. “Zunguka nyuma, mkwe, uwaone waliotuleta.”

Yule mtu akazunguka, na watu wakazunguka naye. Akaiona ile jozi, tope limejaa katikati ya meno, bado linadondoka. Akawaona wanawake wakiteremka mmoja mmoja, wamepakwa udongo toka utosini hadi nyayo, shingo zimenyooka kana kwamba udongo ule ndio sare waliyoishona. Kutoka ndani ya sanduku wakatoa khanga, kavu, safi, hazina hata tone, wakazitandika toka mlango wa gari hadi mlango wa kanisa. Yule mtu akamsogelea shangazi. Akanyoosha mkono kusalimia. Shangazi akampa wake, na hakuupangusa kwanza.

Ndoa ikafungwa. Na baba wa bibi harusi aliketi kwenye karamu bila koti, analionyesha gari lake kwa kila aliyepita, akisema nenda nyuma, nenda ukaone nyuma. Wanaosema wanasema hajapata kuringa kama alivyoringa siku ile.

Sasa, kina mama. Naona mmoja wenu amekaa vizuri anangoja niseme maringo ni dhambi, amgonge mwenzake kiwiko. Sisemi hivyo leo. Je, Mungu alipomaliza kuumba hakuitazama kazi yake, akaona ni njema sana? Na alitazama nini, mbele peke yake? Imeandikwa kila kitu alichokifanya. Aliizunguka kazi yake yote.

Kosa la yule baba halikuwa kuringa. Maringo yake yalikuwa mafupi. Yalianzia kwenye taa yakaishia kwenye bampa la mbele. Siku yalipofika hadi nyuma, yakawa maringo ya kumpendeza Mungu.

Na sisi? Sisi tunaringa hadi wapi? Sebuleni makochi yana vitambaa, na anayetupikia anakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Mgeni akija tunamwita mtoto anayefaulu aje asalimie, na yule anayechota maji ya nyumba nzima tunamwambia usipite huku. Kanisa tunalipaka rangi ukuta unaotazama barabara. Kwenye msiba tunamsifu aliyesema maneno mazuri kaburini, na aliyekesha na kuni zenye moshi tunamuuliza mbona macho mekundu. Jozi nzuri tunayo, jamani. Muda mzuri tunao, neno zuri la asante tunalo, tena tumelichagua kwa kidole gumba. Tumelifunga wapi? Tumelifunga mbele, linang'aa kwa mafuta, linaelekeza kanisa ambalo kila mtu ameshaliona. Halafu mpando ukifika tunashangaa mbona hatwendi.

Basi kabla hatujaimba, naomba kitu kimoja. Nyie wa mabenchi ya mbele, simameni. Msinitazame mimi. Geukeni nyuma, nyote, na hao wenye mikono ya maji ya vikombe wasijipanguse. Wasalimieni waliotuleta.